Mahali Si Mandhari

Kuchora mahali kwa kumbukumbu ni kuweka kwenye karatasi kile ambacho mkaaji anakijua bila kukitazama: mlango unaelekea wapi, kisima kiko mbali kiasi gani kwa mtu mwenye ndoo kichwani, nani huketi upande gani jioni. Watoto huchora hivyo ardhini kwa kijiti. Wachoraji waliosomea kazi hiyo huchora hivyo kwa brashi, na wahamiaji huchora hivyo mgongoni mwa bahasha wanapomwelekeza mtu nyumbani kwao. Hata hivyo kazi hii haina heshima. Rai iliyotawala, darasani na katika ofisi za utalii, ni kwamba picha ya mahali ni ushahidi, na shahidi ni yule aliyekuwa akitazama. Mchoraji aende akaketi mbele ya kitu chake, au angalau atafute picha ya kamera. Kumbukumbu itumike pale tu ambapo vyote viwili vimekosekana, na kitakachotoka kihesabiwe kuwa cha kitoto au cha kujiliwaza.

Rai hiyo ina pacha wake, asemaye kwamba kila mahali pana alama moja, na aliyeichora alama amepamaliza mahali penyewe. Mombasa ina pembe zake za ndovu barabarani, Unguja ina mlango wa kuchongwa, Tororo ina mwamba. Kalenda za ukutani na vipeperushi vya watalii vimelishika somo hilo barabara. Rai zote mbili zina kosa lilelile: zinadhani mahali ni kitu cha kutazamwa, na kwamba anayepajua zaidi ni yule aliyesimama mbali akaona vizuri.

Eneo la mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Busia hadi Tororo, linafaa sana kuipima rai hiyo, kwa sababu lina alama kubwa isiyokosekana machoni na lina vijiji vingi visivyo na alama hata moja. Merikit ni kaunti ndogo ya wilaya ya Tororo, katika sehemu wanakoishi Waiteso. Mwamba mashuhuri hauko kwake, forodha ziko Malaba na Busia, kiwanda cha saruji kiko mjini. Kwa kipimo cha kalenda, Merikit haichoreki. Na bado watu waliokulia huko wakipewa penseli huchora kwa saa nzima.

Uanze mwamba wenyewe. Mwamba wa Tororo ni kizibo cha volkano ya kale: ujiuji wa moto uliganda kooni mwa mlima, kisha mamilioni ya miaka ya mvua yakala kuta laini za nje, kikabaki kile kiini kigumu cha katikati. Kilele chake kiko mita zipatazo 1,480 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa ardhi inayouzunguka ni ya chini na imetandaa, unaonekana kutoka nchi mbili. Hapo ndipo unapoanguka kama alama. Picha yenye mwamba wa Tororo inasema tu kwamba mchoraji alikuwa mahali fulani ndani ya duara kubwa mno, lenye wilaya kadhaa na mpaka wa kimataifa katikati yake. Haiwezi kumtenga mtu wa Merikit na mtu wa Malaba, wala Mwiteso na Mjopadhola.

Kinachowatenga ni upande. Kwa aliyekulia kaskazini mwa mji, mwamba uko kusini, na akiupa mgongo anautazama mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Kwa mtu wa Malaba, jua huzama upande wa mwamba huohuo. Mtu wa Busia hana budi kuutafuta kaskazini. Michoro ya kumbukumbu huupa mwamba ukubwa kulingana na kazi yake: anayeutumia kujua njia ya mjini huuweka pembeni, mdogo kama ukucha; aliyeishi chini yake huuacha ufunike nusu ya karatasi na kuvibana vibanda vya sokoni. Mwalimu wa sanaa mwenye rula atasema wote wamekosea vipimo. Vipimo vya mwamba vinajulikana tayari, na vimo katika ramani za upimaji. Hakuna anayewahitaji watoto wa Tororo wavipime tena. Ambacho hakimo katika ramani yoyote ni uzito wa mwamba katika siku ya mtu.

Watetezi wa mandhari husema kwamba binadamu amekuwa akichora anachokiona tangu zamani. Ushahidi wa eneo hili unakataa. Katika vilima vya Chelelemuk, upande wa Teso wa kaunti ya Busia nchini Kenya, liko pango la wazi la Kakapel, ambalo ni turathi ya taifa chini ya Makumbusho ya Kenya. Ukutani mna tabaka za picha, wakati juu ya wakati. Za kwanza ni michoro ya duara ndani ya duara, kwa rangi nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na wawindaji na waokota matunda wa kale wa ukoo wa Watwa. Juu yake wafugaji walichora ng'ombe. Wengine wakaja baadaye na maumbo yao. Picha za jamaa moja na zile duara za Kakapel ziko Nyero, wilayani Kumi, ndani ya Uganda.

Cha kushangaza ni kile kisichokuwepo. Mtu anayesimama penye mapango hayo ana upeo mpana mbele yake, nyanda na vilima, na hakuna hata mmoja wa wachoraji wale, kwa vizazi vyote hivyo, aliyejishughulisha kuuchora. Hawakuona haja. Walikuwa pale. Walichokiweka mwambani ni mambo ambayo jicho lingesimama hapo mwaka mzima bila kuyaona: mvua iombwe namna gani, mifugo ni ya nani, nani amefika. Maana halisi ya zile duara bado inabishaniwa na wataalamu, na hilo haliidhuru hoja, kwani hakuna yeyote kati yao anayedai kwamba ni picha ya bonde. Uchimbuaji wa Kakapel umeonyesha kwamba watu wamelitumia pango hilo kwa muda wa miaka ipatayo 9,000; matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalitaja kunde za kulimwa zilizoungua zenye umri wa miaka 2,300 hivi. Kunde hizo na duara hizo ni habari za mahali pamoja, na hakuna hata moja iliyo mandhari.

Ramani nayo ni mchoro wa mahali, na ndiyo mchoro unaoaminiwa kuliko yote. Inafaa kukumbuka basi kwamba ramani ya eneo hili ilichorwa na watu wasiokuwa na kumbukumbu yoyote nalo. Mpaka wa mashariki wa himaya ya Uganda ulifika karibu na Naivasha hadi mwaka 1902, Uingereza ilipoihamishia sehemu hiyo yote upande wa pili, katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Amri ya mwaka 1926 ikaeleza mstari kwa urefu zaidi, ukifuata mito pale ulipoweza: Sio, Malaba, Lwakhakha. Waiteso wakawa wa nchi mbili bila kuhama. Februari 1976 Idi Amin aliifufua ramani ya kabla ya 1902 na kudai kipande kikubwa cha magharibi mwa Kenya, na kwa wiki kadhaa karatasi ya zamani ilikaribia kuleta vita. Wanaosema kumbukumbu haiaminiki wangefaa kuweka kisa hicho kwenye mizani: hapo iliyotaka kuleta maafa ni hati, yenye tarehe na muhuri.

Wakati ramani zikibadilika, wenyeji walikuwa na michoro yao vichwani. Njia za panya, zile za kuvuka mpaka bila kupita forodhani, hazimo katika ramani rasmi na haziwezi kuwamo. Zingewekwa zingekoma kuwa njia za panya. Hazipigiki picha pia, maana picha yake ni ya migomba na kijia tu. Anayeijua njia huijua kwa mfuatano: mti, ua wa nyumba ya fulani, sehemu ya kuteremka mtoni, mbwa. Mchoro wake hauna mizani ya kilomita wala kaskazini. Una mfuatano, na aliyeufuata amefika. Busia ndiko lilikozaliwa pia jina boda boda, kutoka miaka ya 1960, kwa baiskeli zilizobeba abiria na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, zenye kiti cha nyuma kilichowekewa mto. Jina limeenea mbali na pikipiki zimechukua nafasi, ila ile baiskeli na mto wake wa kiti vimebaki zaidi katika kumbukumbu za watu wa Busia kuliko katika picha, kwa sababu rahisi: wakati ule hakuna aliyeona kwamba zinastahili filamu. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Busia, msafiri akawa anasimama upande mmoja tu, ule anaoingia. Foleni mbili za zamani, moja ya kutoka na moja ya kuingia, na mwendo wa kati yake uliowalisha waendesha baiskeli, sasa zinaweza kuchorwa na aliyezipanga tu.

Pingamizi lililo zito zaidi halitoki kwa watu wa utalii. Linatoka kwa wasomi wa sanaa, nao wana haki ya kujibiwa kwa kirefu. Wanasema kuchora kwa kumbukumbu si mila ya Afrika Mashariki hata kidogo. Ni sera ya mwalimu mmoja wa Kiingereza. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Kampala mwaka 1937, na darasa lake likawa shule ya sanaa ya Makerere. Njia yake ilijulikana: aliwasimulia wanafunzi tukio, wakafumba macho wakaliona, kisha wakalichora. Hakutaka kuwaharakisha kwenye kanuni za Ulaya za umbali na kivuli, akiamini kwamba Mwafrika ana jicho lake linalofaa kulindwa. Wapinzani huona humo dharau iliyofichwa ndani ya sifa: Mzungu apewe jicho na elimu ya mwili wa binadamu, Mwafrika apewe ndoto. Cecil Todd alipomrithi mwishoni mwa miaka ya 1950 aligeuza mkondo, wanafunzi wakachora kwa kutazama na wakasoma historia ya sanaa ya dunia. Wengi waliyaona mageuzi hayo kuwa ukombozi.

Kuhusu nia ya Trowell, wapinzani wana hoja. Kumkinga mtu asijue jambo kwa kudai unamlinda ni ukoloni hata ukifanywa kwa upole, na shule inayomnyima mchoraji kanuni za umbali inamdhulumu. Ila hoja hiyo inamhukumu mwalimu. Haiwahukumu wanafunzi, wala haisemi lolote kuhusu kumbukumbu yenyewe. Sam Ntiro, aliyetoka Machame mlimani Kilimanjaro, alisoma kwa Trowell, kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huko kanuni zote alizonyimwa zilikuwa mezani. Alirudi kufundisha Makerere, akaendelea kuchora Uchagani jinsi alivyokuwa akipachora: watu wengi wadogo wakifanya kazi pamoja, migomba imepangwa mstari juu ya mstari, aliye mbali hapungui ukubwa kwa sababu yuko mbali. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Huyu hakuwa mtu asiyejua njia nyingine. Alizijua zote mbili akachagua moja, na kitu alichokipata kwa kuchagua hivyo ni sahihi kabisa: katika msafara wa kupeleka pombe, aliye mkiani hana umuhimu mdogo kuliko aliye mbele.

Jak Katarikawe ni ushahidi mkali zaidi, maana Trowell hakumgusa. Alitoka Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, akawa dereva Kampala, hakupitia mafunzo rasmi ya sanaa, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Nairobi, alikofariki mwaka 2018. Ng'ombe wake ni wa Kigezi. Wanaegemeana, wanatazamana kama watu, wana rangi ambazo ng'ombe hana. Mwenye kutaka kujua ng'ombe wa Kigezi ana uzito gani atafute kitabu cha mifugo. Katarikawe anaeleza ukaribu wa kukua nao zizini, na hilo alilieleza akiwa mjini, kilomita nyingi kutoka zizi lolote.

Upo mfano wa upande wa pili, wa uchoraji unaotazama kwa makini na kukipoteza kitu. Mwaka 1953 Trowell na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za makabila ya Uganda, chenye michoro mingi ya vyungu, vikapu, ala za muziki na nyumba. Kama orodha, kitabu hicho kina thamani isiyobishaniwa. Vitu vingi vilivyochorwa humo havitengenezwi tena. Kila kitu kimesimama peke yake kwenye karatasi nyeupe, bila mkono, bila sakafu, bila mwenyewe. Chungu kimekuwa umbo la chungu.

Kwa Waiteso, chungu cha ajon, pombe ya wimbi, hakijawahi kuwa umbo. Huwekwa katikati, huongezwa maji ya moto, na wanywaji hukizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waiteso wa Kenya, aliandika mwaka 1980 makala nzima kuhusu unywaji huo, akionyesha kwamba ujirani na mivutano yake yote huonekana pale chunguni. Kamera ikipiga picha baraza hilo kutoka mlangoni, hupata migongo mitatu na moshi. Mwenyeji akilichora kwa kumbukumbu, huanza na chungu katikati kama kinaonwa kutoka juu, kisha mirija kama miale, na mwisho wa kila mrija mtu, aliyewekwa panapomstahili. Mpangilio huo haukuonekana na jicho lolote kutoka popote. Ni wa kweli kuliko picha ya mlangoni, kwa sababu kila aliyekaa pale alijua mwenzake yuko wapi bila kugeuka. (Kufanana kwake na duara za Kakapel ni jambo la kutazamwa tu, atakayelifanya nadharia ajihadhari.)

Linabaki shitaka la mwisho, kwamba kumbukumbu hupamba. Linadaiwa mno, na kwa sehemu ni la haki. Anayechora Merikit kutoka chumba cha kupanga Kampala huenda akalisahau tope, akaipaka nyasi ya paa rangi ya dhahabu, akaacha nje jirani waliyegombana naye. Hata hivyo, kalenda hupamba zaidi na haishitakiwi. Tena kumbukumbu ina mambo isiyoweza kuyapamba. Njia ya reli inayotoka Tororo kwenda kaskazini kupitia Mbale hadi Soroti ina stesheni katika eneo la Mukura. Julai 1989 vijana waliokamatwa na askari wa NRA, jeshi la serikali wakati huo, walifungiwa humo ndani ya behewa, na 69 wakafa kwa kukosa hewa. Atakayekwenda kuchora reli ya Mukura kwa kuitazama tu atachora reli, na hakuna kanuni ya umbali itakayomwambia amekosa nini. Wale wanaoikumbuka hawahitaji kuambiwa wachore behewa.

Pambo linaweza pia kusahihishwa, na njia yake ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa: wachore wengi. Watu watano waliokulia boma moja wakichora kila mmoja kivyake, tofauti zao hujitokeza mara moja. Mmoja ana mwembe kushoto mwa nyumba, wanne wanao kulia. Mmoja amechora edula, kile kihenge cha nafaka kilichoinuliwa juu ya magogo na kufunikwa kofia ya nyasi. Wadogo wake hawakukichora. Hapo hakuna aliyesema uongo. Mkubwa anakumbuka boma kabla nafaka haijaanza kuwekwa kwenye magunia ndani ya nyumba kwa hofu ya wezi, na wadogo walizaliwa baadaye. Michoro mitano imetoa tarehe ambayo picha moja ya kamera, hata iwe nzuri kiasi gani, isingeitoa.

Kwa hiyo kipimo cha kufaa kwa kazi hii kinaweza kusemwa bila maneno mengi. Mchoro wa kumbukumbu usiulizwe kama unafanana. Uulizwe kama aliyeishi hapo anaweza kuutumia kuingia nyumbani usiku. Uandikwe miaka miwili, ule unaokumbukwa na ule wa kuchorwa, kwani umbali wa kati ya miaka hiyo ni sehemu ya habari. Uonyeshe mchoraji alikuwa wapi alipokuwa akikumbuka, na alipopajua mahali alikuwa na umri gani, maana boma la mtoto wa miaka sita ni kubwa kuliko la mtu mzima na mti wake wa kupanda una matawi ya chini tu. Nao mwamba, kama umo, utiwe alama uko upande gani wa mlango.